Picha Saba Kutoka Nakuru Hadi Saiwa

Tuko tisa. Tulisoma sekondari pamoja, kisha maisha yakatutawanya: wengine wakabaki Nakuru, mmoja akaolewa Kisumu, mwingine akarudi kwao Kakamega, mwingine analima Kitale. Mwaka 2020, wakati wa kafyu, mmoja wetu alituma picha ya mkewe akimnyoa nywele jikoni. Mwingine akamjibu kwa picha ya mjusi juu ya pazia. Tangu hapo hatujaacha. Kila Jumapili jioni kila mmoja huwatumia wenzake picha saba, moja ya kila siku ya juma, na chini ya kila picha maneno machache ya kueleza.

Sheria ni hiyo tu, lakini inauma. Hutumi mbili za siku moja, hata kama siku hiyo chui alikukatia njia. Huruki siku kwa kisingizio kwamba hapakuwa na kitu. Mimi ni fundi wa nguo. Siku zangu nyingi ni cherehani, pasi na vipande vya kitambaa, na ni sheria hii iliyonifundisha kuona jinsi mwanga wa saa nne unavyoingia dukani na kulalia kitenge kilichokunjwa. Jumamosi nikipata nafasi naingia kwenye hifadhi ya ziwa letu, Ziwa Nakuru. Kwa hiyo juma langu likitumwa huwa hivi: kifungo kilichong'oka, mteja akijipima gauni, mvua kwenye bati, nyati.

Agosti hii nilifunga duka juma zima nikaenda kuwaona wenzangu kule wanakopigia picha zao. Nilibeba kamera niliyoinunua mkono wa pili, lenzi ya milimita 70 hadi 300, betri tatu, na bahasha yenye picha kumi na mbili nilizochapisha studio. Zilikuwa za watu wa Dunga, ufukwe wa wavuvi huko Kisumu, ambao mwenzetu wa Kisumu amekuwa akituonyesha tangu tuanze, na ambao wenyewe hawakuwa wamewahi kujiona kwenye karatasi.

Jumatatu, Nakuru

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa langoni. Mwenzangu wa hapa huendesha gari la watalii, na siku yake ya kupumzika aliamua kuimalizia pale pale anapofanyia kazi. Karibu na ikweta jua halichelewi njiani. Linapanda wima, na ule mwanga laini wa asubuhi ukikupita hupati mwingine hadi jioni. Tulikuwa na kama dakika arobaini.

Aliyezoea ziwa hili zamani akirudi leo atadhani amepotea. Maji yalianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakameza lango la zamani, majengo na barabara za ufukweni. Migunga ya magome ya manjano iliyokuwa nchi kavu imekufa ikiwa imesimama majini, imebaki mifupa ya kijivu, na juu yake mnandi wamekaa wakianika mabawa. Nikiwa mtoto, ukipanda juu kidogo pale mjini uliuona ukingo wa ziwa ukiwa waridi kwa heroe. Heroe mdogo hula mwani unaostawi kwenye maji makali ya magadi. Maji ya mvua na mito yalipozidi, magadi yakazimuka, mwani ukapungua, na ndege wakafuata chakula kwingine, wengi wakaenda Bogoria. Leo tuliona kikundi kidogo tu, mbali, na mwari wengi.

Niliwapiga mnandi. Nikapiga twiga wawili wa Rothschild, wale wenye miguu myeupe kuanzia magotini kushuka chini kana kwamba wamevaa soksi. Kisha upande wa kaskazini tukamkuta kifaru mweupe akila majani peke yake, mdomo mpana umeshika ardhi kama fundi anayenyoa zulia. Mwenzangu alisogeza gari mbele kidogo, akarudisha nyuma, akasogeza tena. Nilijua anachofanya, kwa sababu madereva wote wa hapa hufanya hivyo bila kuambiwa: alikuwa anamtafutia kifaru mgongo wa kichaka ili mji usionekane.

"Acha mji uingie, bwana," nikamwambia.

"Watalii hawataki mabati."

"Mimi si mtalii. Hayo mabati mojawapo ni langu."

Akacheka, akazima gari. Hili ni jambo ninaloliamini kwa dhati, na nimebishana nalo na wenzangu zaidi ya mara moja. Hifadhi hii imezungushiwa ua wa umeme. Upande mmoja wa ua kuna kifaru, upande wa pili kuna Nakuru, mji uliopata hadhi ya jiji Desemba 2021, na maji ya mvua ya mitaa yetu huishia kwenye ziwa hilo hilo, pamoja na kila tunachotupa kwenye mitaro. Picha inayoficha mji inamwambia mtazamaji kwamba mnyama huyu anaishi mahali pasipo na watu, na hapo ndipo anapoacha kujiuliza taka zake zinakwenda wapi. Nilifunga tundu la lenzi kiasi cha kufanya mapaa yasomeke nyuma ya pembe. Kifaru aliinua kichwa mara moja tu.

Maneno ya chini ya picha niliyajua kabla sijashuka garini: Majirani.

Jumanne, barabarani

Matatu ilijaa saa mbili na nusu. Nilipata kiti cha dirishani upande wa kushoto, nikalisafisha kioo kwa ndani na kitambaa changu. Nje lilibaki na vumbi lake. Ukipiga picha kupitia dirisha la gari linalokwenda, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, maana kikitetemeka nawe unatetemeka, na kasi ya shata isishuke chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hata hivyo nyingi zilitoka ukungu. Salgaa, malori. Mau Summit, baridi na abiria wakifunga madirisha. Kericho, chai imekatwa sawasawa hadi upeo wa macho, na mimi nikaipiga mara ishirini kama kila anayepita pale.

Tulipoteremka kuelekea Ahero joto likapanda kwa ghafla, watu wakaanza kuvua masweta. Mashamba ya mpunga yalikuwa na yangeyange kila mahali, weupe mpaka unaumiza macho. Nilidhani picha ya siku ni hao.

Haikuwa hao. Huko nyuma, gari liliposimama kidogo, wauzaji walikuwa wamelizunguka kwa mahindi ya kuchoma na karoti. Mama wa kiti cha mbele yangu alinunua mahindi, gari likaanza kuondoka kabla hajapewa chenji. Kijana aliyeuza alikimbia kando ya dirisha, mkono umenyooshwa, noti imebanwa kati ya vidole viwili, na mkono wa mama umetoka nje kuipokea. Niliinua kamera bila kufikiri. Kwenye picha huoni uso wa mtu. Ni mikono miwili, noti ya shilingi hamsini, na barabara imegeuka mistari.

Jumatano, Dunga

Mwenzangu wa Kisumu anauza omena kwa jumla. Aliniamsha saa kumi na moja alfajiri, akanipa chai ya rangi kwenye kikombe kikubwa na kuniambia nivae viatu visivyojali maji.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiona kwenye picha zake jambo nisiloelewa. Kuna majuma anatuma boti, taa na samaki tele, na kuna majuma ni nyavu zinashonwa, watoto, paka kwenye kizingiti. Leo nilielewa. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, na samaki hao wadogo hufuata mwanga hadi wavu uwazunguke. Mbalamwezi ikiwaka, mwezi unashindana na taa, samaki wanatawanyika, na wengi hupumzika. Picha zake zilikuwa zinafuata mwezi muda wote huo na sisi hatukujua.

Tulifika ufukweni boti zikirudi. Taa bado zilikuwa zinawaka kwenye baadhi, njano kwenye maji ya buluu, na hiyo rangi haikai hata robo saa. Nilipiga upesi. Kisha nikatulia na ndege, kwa sababu pale Dunga ndege hawamwogopi mtu kama kwingine. Fundichuma alitembea katikati ya miguu ya wachuuzi akiokota mabaki. Mdiria mweusi na mweupe alisimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa hakisogei hata kidogo, kisha akajiachia kama jiwe. Anayeanza kupiga ndege wanaoruka aanze na huyu, maana anakupa muda: anaelea, anakosa, anapanda, anaelea tena. Nilitumia sehemu ya elfu mbili ya sekunde na bado ncha za mabawa zilitoka na ukungu kidogo. Nyuma yake yalikuwa mafunjo, na mbele ya mafunjo gugumaji limetanda na maua yake ya zambarau. Mmea huo asili yake ni Amerika Kusini, na ulilivamia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Ua lake ni zuri kweli. Sijawahi kulipiga peke yake na sitalipiga, kwa sababu nimewaona wanaume wanne wakisukuma boti kwa miti kutwa nzima wakijaribu kulipenya.

Bahasha niliifungua saa moja na nusu. Picha ziliisha mikononi mwangu kwa dakika tano. Mzee mmoja wa boti aliitazama yake, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, akaigeuza tena, kisha akaifunga kwenye karatasi ya nailoni aliyokuwa amefungia sigara na kuitia ndani ya shati. Sigara alizitia mfukoni hivi hivi.

Mbele kidogo mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama akigeuza omena waliotandazwa kwenye nyavu. Jua lilikuwa nyuma yake. Kila alipotupa konzi moja hewani magamba yalimeta kama fedha.

"Oyawore, mama."

"Oyawore ahinya, nyathina."

Nilimwomba ruhusa, akakubali kwa kichwa bila kuacha kazi. Nilipiga kumi na moja. Ya tisa niliijua hapo hapo: konzi imeachwa hewani, mkono umefunguka, uso uko kivulini lakini macho yanaonekana. Picha kama hiyo naipata mara mbili kwa mwaka. Nikamfuata kumwonyesha.

Aliitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Hiyo si mimi," akasema. "Hiyo ni kazi."

Nikanyamaza. Akamwita binti yake ashike zamu, akaniambia nimsubiri, akaondoka. Alirudi karibu saa moja baadaye amevaa gauni la kitenge cha buluu, mikono imejaa begani, kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile. Macho yangu ya fundi yalikwenda moja kwa moja kwenye mshono wa kiuno: mtu aliyelishona anajua kazi, maua ya kitambaa yamekutana upande hadi upande bila kuvunjika. Mama alichagua mahali mwenyewe, mbele ya boti iliyopakwa rangi karibuni, akasimama wima, mikono ameikutanisha mbele, na hakutabasamu.

Ilikuwa inaelekea saa nne. Jua lilikuwa juu na kali, likachimba mashimo meusi chini ya nyusi zake. Nilimwomba asogee kivulini, akakataa, boti ndiyo aliyoitaka. Mfukoni mwa begi langu hukaa kipande cha bitana nyeupe, karibu mita moja. Nimekizoea kwa kufungia lenzi. Nikamwomba binti akikunjue na kukishika chini ya kifua cha mama yake, nje kidogo ya picha, ili kirudishe mwanga usoni. Yale mashimo yakajaa. Mama akaona uso wake kwenye kioo, akasema, "Ehe."

Nilipiga tatu tu, na zote tatu ni sawa.

Usiku nililala na swali. Sheria inasema moja ya kila siku. Nilikuwa na mdiria, nilikuwa na taa kwenye maji, na nilikuwa na mama huyu mara mbili. Mwenzangu aliniambia nitume ya omena, kwamba ndiyo picha ya kweli. Nilimjibu nitaamua Jumapili.

Alhamisi, Ilesi

Mvua. Kabla haijaanza, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega ilinipitisha Chavakali na Khayega, halafu nikashuka Ilesi kuliona lile jiwe linalolia, jiwe juu ya jiwe, kama mtu aliyeinamisha kichwa na machozi yanamchirizika kifuani. Nililipiga picha, lakini kila mtu amelipiga.

Ilesi wanafinyanga vyungu na kuvipanga kando ya barabara. Mvua ilipoanza, mama mwenye kibanda alikimbia kuvifunika mdomo chini, kimoja baada ya kingine, nami nikaweka kamera ndani ya mfuko nikamsaidia. Tulipomaliza vilikuwa vimebaki vitatu ambavyo havikuwahiwa, vimejaa maji hadi ukingoni, na mvua inadunda ndani yake. Nilipiga hivyo vitatu kutoka chini ya paa.

Ijumaa, Msitu wa Kakamega

Mwenzangu wa hapa ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule zikifungwa huongoza wageni msituni. Tulisalimiana mulembe, tukaanza kupanda kilima cha Lirhanda gizani. Juu tulikuta ukungu umelala juu ya miti kama pamba ndani ya godoro lililochanwa, na vilele vichache tu vimetokeza. Msitu huu ni kipande kilichosalia cha misitu ya mvua iliyoungana zamani na ile ya Kongo. Una zaidi ya aina 300 za ndege. Mwalimu huwatambua kwa sikio, na mara kwa mara alisimama, akainua kidole, akataja jina, akaendelea na mazungumzo yetu pale pale alipoyaachia.

Ndani ya msitu kamera yangu iliona shida. Saa tatu asubuhi nje kuna jua, huku chini ni kama jioni. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, hadi 3200, nikashusha shata hadi sehemu ya mia moja ishirini na tano, nikaegemeza kiwiko kwenye shina la mti na kubana pumzi. Chembe kwenye picha siziogopi. Msitu ni wa giza, na picha yake iwe na giza lake.

Shorobo mkubwa wa buluu alitangulia kusikika, kelele nzito kama mtu anayesafisha koo, kisha tukamwona akikimbia juu ya tawi badala ya kuruka, kishungi kimesimama, mkia mrefu nyuma. Tulimfuata kwa macho hadi kwenye kiota. Mwalimu akanishika mkono.

"Picha piga, dada, lakini usiandike ni wapi. Wakija kumi kwa siku atakiacha."

Sikupiga hata picha. Kulikuwa na matawi mengi mbele, na kumsogelea ingekuwa ni kumfukuza.

Mbega walikuwa karibu na Isecheno, kundi la kama nane, wamekaa juu kabisa wakipasha matumbo joto. Mbega ni somo gumu kwa kamera. Manyoya yake ni meusi tii, na vazi la mabegani na kishada cha mkia ni vyeupe. Ukiiachia kamera iamue, itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga, na weupe wote utaungua ubaki kama karatasi. Nilipunguza kwa hatua moja, kisha nusu nyingine. Mwalimu alinionyesha mikono yao: mbega hana dole gumba, analishika tawi kwa vidole vinne kama ndoano. Katikati ya majike wawili tukaona kitu cheupe mwili mzima. Ni mtoto. Mbega huzaliwa mweupe kabisa, uso tu ndio wa waridi, na weusi huja baada ya wiki na miezi. Majike humpokezana; tulimwona akitolewa mkono huu hadi mkono ule mara mbili, wa pili akamkagua kichwani vidole vikichambua manyoya, jinsi kila shangazi anavyofanya akipewa mtoto wa nduguye.

Nina hiyo. Si kali sana, lakini vidole vinaonekana.

Tulipotoka msituni nilinunua mukombero, mzizi wa kutafuna, kwa mvulana mmoja njiani, nikautafuna hadi Kakamega mjini. Mwalimu alitaka nibaki hadi Jumamosi niende naye kwenye pambano la mafahali. Nilitamani, lakini kinamasi cha Saiwa, wanakoishi nzohe, kilikuwa bado mbali.

Jumamosi, Kitale

Kakamega, Webuye, Kitale. Trekta za miwa zilitufanya tutambae. Mlima Elgon ulikuwa umefunikwa na wingu kuanzia katikati kwenda juu, nikaona kiuno chake tu.

Mwenzangu wa Kitale analima mahindi na kufuga ng'ombe wachache pamoja na mama yake. Mahindi yalikuwa yamepita kichwa cha mtu. Nyuma ya nyumba, malishoni, kulikuwa na korongo taji wawili wakitembea polepole kati ya ndama, wanainama, wanadona, wanainuka, yale manyoya ya dhahabu kichwani yakichezacheza na upepo. Uganda wamemfanya ndege wa taifa, na kwetu ni kati ya ndege walio hatarini kutoweka, maana maeneo oevu anakojenga kiota yanazidi kulimwa.

"Hao ukiwaona sasa utawapenda," mama alisema akimwaga maji ya kufulia. "Uje wakati wa kupanda. Wanafuata mstari, wanafukua mbegu moja moja kama wamelipwa."

"Na mnawafukuza?"

"Mwezi wa nne tunawafukuza. Sasa wanakula wadudu, tuwafukuzie nini?"

Nililala kifudifudi kwenye nyasi ili kuwapata usawa wa macho. Mbele korongo wawili na ndama mmoja anayewashangaa, nyuma ua wa seng'enge ulioanikwa sare za shule, sketi za kijani na soksi. Mama aliuliza kwa nini sikusubiri aziondoe nguo. Nilimwambia ndizo nilizozitaka, akatikisa kichwa.

Jumapili, Saiwa

Hifadhi ya Saiwa ni ndogo, kama kilomita tatu za mraba, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1974. Gari huliingizi ndani. Unatembea kwa miguu hadi kwenye vichanja vya mbao vilivyojengwa pembeni ya kinamasi, unapanda ngazi, unakaa, unanyamaza. Tulifika asubuhi na mapema, umande umeloanisha kila kitu. Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, hivyo hutembea juu ya tope ambalo lingemmeza swala mwingine, na akiogopa hujitosa majini hadi ibaki pua tu.

Tulikaa saa mbili. Nilisikia korongo taji mahali fulani. Kima wa de Brazza alipita juu yetu, ndevu nyeupe, akatuangalia, akaendelea na safari. Mwenzangu alisinzia ameegemea nguzo. Mimi nilitazama matete hadi yakaanza kunichanganya, kila kivuli kikawa na masikio.

Kisha kivuli kimoja kilikuwa na masikio kweli. Jike, rangi ya hudhurungi nyekundu, mistari hafifu ubavuni. Alisimama kati ya mafunjo akanyanyua pua. Nilipiga nne. Hakukimbia, alirudi nyuma taratibu, mafunjo yakafunga. Nilipoitazama kwenye kioo niliona masikio mawili, jicho moja, na mafunjo, mafunjo, mafunjo. Nimeitafuta picha hii miaka mitatu na siwezi kudai ni nzuri. Lakini ndivyo anavyoonekana nzohe kwa anayemheshimu na kutulia mbali naye.

Jioni, nyumbani kwa mwenzangu Kitale, nilizipanga saba mezani kwenye simu. Kifaru na mabati. Mikono na noti ya hamsini. Vyungu vitatu vya maji. Mtoto mweupe. Korongo na sare. Masikio ya nzohe. Pengo lilikuwa Jumatano peke yake.

Niliifungua ile ya omena nikaitazama tena. Bado ni picha bora niliyopiga safari nzima, pengine mwaka mzima. Nikaifungua ya gauni la buluu. Mama amesimama mbele ya boti yake ya rangi, wima, mwanga wa bitana usoni, na ukimtazama unajua huyu ni mtu anayejua thamani yake na hamwombi mtazamaji chochote. Alitumia karibu saa nzima kutoka kwenye biashara yake, siku ya jua zuri la kukausha, ili hiyo ndiyo iwepo.

Nikatuma ya gauni. Chini yake niliandika: Mama wa Dunga, kama alivyochagua mwenyewe.

Taarifa ya habari ilikuwa inaanza picha zilipomaliza kupanda. Majibu yakaingia. Mwalimu alitaka kujua noti ile ilimfikia mwenyewe au ilipeperuka. Ilifika. Dereva wa Nakuru alisema sasa na yeye ataacha mji uingie, angalau siku za kupumzika.

Saa tatu usiku ukaja ujumbe wa sauti kutoka Kisumu. Mwenzangu alikuwa ameipeleka simu Dunga mwenyewe, na anayezungumza alikuwa mama. Nyuma yake watu walikuwa wakisemezana na redio ikipiga. Alisema ameona, amefurahi, gauni limetoka rangi yake. Kisha akashusha sauti.

"Na ile ya kazi, fundi. Nayo uitoe kwenye karatasi uniletee. Lakini hiyo ni yangu, usiipeleke kwa watu."

Nilichukua bahasha tupu, nikaandika juu yake: Dunga, mbili.